Uzito wa Mguu wa Kushoto

Katika mji ule saa haikupita, ilitembezwa. Kulipopambazuka, Mrefu alinyanyua mguu wa kulia, akaupeleka mbele, akaushusha, na hapo ikawa saa moja. Akanyanyua wa kushoto, ikawa saa mbili. Hatua kumi na mbili kwa siku zilitosha kuuzunguka mji mzima, ama kwa kuwa mji ulikuwa mdogo, ama kwa kuwa hatua ilikuwa kubwa. Hakuna aliyewahi kupima. Hatua ya mwisho ilipokanyaga, jua lilizama nyuma ya bega lake kama kitu kilichoponyoka mkononi. Usiku haukuwa na hatua. Ulipita wenyewe, bila kuvutwa na mtu, na ndiyo sababu watu waliuogopa, wakafunga madirisha mapema na kulala wakiwa wameupa mgongo.

Havijawa alikuwa na swali moja tangu ujana wake. Lilikuwa swali dogo, na kwa udogo wake halikumwacha apumzike: mguu ule ulinyanyuliwa na nini?

Jibu alilijua kwa mwili wake, maana alikuwa mmoja wa watu kumi wa mguu wa kushoto. Mrefu alikuwa mwanasesere wa mbao na ngozi, aliyezidi kimo cha kila paa mjini, naye alining'inizwa ndani ya kiunzi cha magogo chenye magurudumu. Kope zake zilivutwa na bibi wanne kwa nyuzi nyembamba. Kifua chake kilipumua kwa mivukuto kama ile ya mhunzi, na pumzi yake ilinuka ngozi iliyoloweshwa. Kutoka kwenye goti lake la kushoto zilipanda kamba kumi, kila moja nene kama mkono wa mtoto, zikapita juu kwenye kapi, vile vigurudumu vya mti vyenye mfereji wa kuongozea kamba, kisha zikashuka nyuma yake hadi kwenye jukwaa la mbao lenye kimo cha mnazi, lililounganishwa na kiunzi hicho. Juu ya jukwaa hilo walisimama warukaji kumi, migongo yao kwa Mrefu, kila mmoja na kamba yake imefungwa kwenye mkanda wa kiunoni. Nyapara alipopaza sauti, "Haya!", wote waliruka kwa pamoja. Wao walianguka, na mguu ukapanda. Watu wa kamba ya mbele wakauvuta mguu kwenda mbele, na uliposhuka kukanyaga, uzito wake ukawarudisha warukaji juu jukwaani, kabla nyayo zao hazijaonja mchanga. Hapakuwa na siri nyingine. Hatua ya Mrefu ilikuwa anguko la watu kumi, na adhuhuri ya mji mzima, yenye sufuria zake na wito wake wa chakula, ilikuwa watu kumi wanaoanguka wasifike chini.

Hata hivyo swali halikuisha. Mtu anaweza kujua jinsi kitu kinavyofanyika miaka kumi na sita, na bado akakosa usingizi kwa sababu ya kitu hicho hicho.

Kwa kuwa mguu ulinyanyuliwa na uzito, uzito ulilindwa kuliko chochote. Kila mrukaji alikuwa na jiwe lake. Siku alipokuja kuomba kamba, aliwekwa upande mmoja wa mizani ya gogo, na upande wa pili likawekwa jiwe, likachongwa polepole mpaka gogo likalala sawa. Tangu siku hiyo hakutakiwa kuzidi wala kupungua. Kila siku, hatua ya sita ikishakanyaga, warukaji walipimwa tena, kila mtu na jiwe lake. Walipimwa adhuhuri kwa sababu wakati huo kivuli ni kifupi mno, na uzito wa kivuli hauwezi kujipenyeza katika kipimo. Aliyezidi alilala bila kula. Aliyepungua aliwekewa sahani mbili za ugali wa muhogo, akaangaliwa mpaka amalize. Na wote walikuwa na vibunda viunoni, vilivyoshonwa kwa vitambaa vikuukuu, ambavyo Havijawa aliamini kuwa ni mchanga wa kujazia upungufu. Mtu wa nje angeiona kazi ile kuwa ni ya nguvu. Kwa kweli ilikuwa kazi ya kubaki vilevile.

Yeye peke yake alikuwa na mawe mawili.

Lilikuwa kosa lake, na kosa la namna ile lisingeweza kutendeka mahali pengine popote. Alikuja kuomba kamba akiwa na mimba ya miezi minane. Mume alikuwa amekwenda zake, nyumba haikuwa na unga, na wajawazito hawakupokelewa mguuni. Yeye alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa. Akavaa gauni pana, akajifunga khanga mbili juu yake, akapanda kwenye mizani na kubana pumzi. Jiwe kubwa lililoachwa na mrukaji wa kabla yake, mtu aliyekufa bila kuzaa, halikutosha. Mchongaji akakuna kichwa, akaongeza jiwe dogo lenye ukubwa wa papai. Gogo likalala sawa. Hakuna aliyeuliza.

Mtoto alitoka. Nafasi yake haikutoka.

Alipopanda tena mizanini baada ya kujifungua, gogo lilimrusha juu kama punje. Nyapara Kitwana aliagiza kichanga kiletwe, akakiweka mwenyewe upande wa pili wa jiwe dogo, na gogo likatulia kimya. Hakukasirika. Alimtazama mtoto kama mtu aliyefikishiwa kitu alichokuwa amekiagiza zamani. Kisha akamwambia Havijawa ashone kibunda, akijaze mchanga wa barabarani, akifunge tumboni, pale pale mtoto alipokuwa. Alifanya hivyo. Kwa miaka kumi na sita aliruka na mchanga ule, na kwa miaka kumi na sita binti yake, Arafa, alikua huko chini mitaani, mzito kidogo kila mwaka, bila jiwe lolote kumzuia.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine. Hatua ya nne ilikuwa imekwisha kukanyaga, na warukaji wa kushoto walikuwa wamekaa jukwaani wakingoja wenzao wa kulia wailete saa tano. Machano, mwenye kamba ya pili, mwanamume mwembamba ambaye mdomo wake haukujua kuchoka, alimtazama Havijawa kuanzia juu hadi chini.

"Mama Arafa, leo umenona. Umeiba andazi wapi?"

"Nimeliiba ndotoni kwako."

"Basi lilikuwa bichi. Mimi hata ndotoni sina mafuta ya kuchomea."

Wenzao wakacheka, na kicheko hakijaisha Nyapara Kitwana akatokeza kichwa kwenye ngazi, akapanda jukwaani. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na nguo safi, na hakuna aliyekumbuka kumwona akiwa kijana.

"Habari za kazi, Mama Arafa?"

"Njema, Nyapara."

"Mrefu anachechemea."

Wote walikuwa wamelihisi.

"Saa za kushoto zinachelewa," Kitwana akaendelea. "Akina mama wa sokoni wananilalamikia kwamba adhuhuri inawakuta wakiwa tayari na njaa ya saa saba. Tumekagua kapi zote, tumezipaka mafuta. Tumebadilisha kamba. Tatizo ni mchanga wako. Mwili ukianguka, umeanguka. Mchanga huanguka, halafu ndipo ukakaa. Huko kukaa ndiko kunakotuchelewesha."

"Nitashona upya. Nitaubana."

"Si suala la kubana. Jiwe dogo si la mchanga, mama. Jiwe dogo lina mwenyewe."

Upepo ulipita kati ya kamba, na kamba zikatoa ule mlio wao wa chini, kama watu wanaokubaliana. Havijawa akaweka kiganja juu ya kibunda chake. Alijua kufikiri kwa mizani. Akajibu kwa mizani.

"Mwenyewe sasa ni msichana wa miaka kumi na sita. Ukimleta hapa na mimi nikiwepo, kamba itazidi, mguu utapanda kuliko kiasi, na adhuhuri itawapita bila kuwagusa."

"Nimelifikiria hilo. Juzi alipita karibu na mizani ya viazi, nikamwomba akae, utani tu. Tukaweka jiwe kubwa upande wa pili." Kitwana akatabasamu kwa upole wa kweli, na hilo ndilo lililotisha. "Sawasawa kabisa, hata unyoya haukuzidi. Kwa hiyo yeye atachukua jiwe kubwa, na wewe utachukua dogo."

"Mtu mzima hawezi kuwa na uzito wa kichanga."

"Watu huzoea."

Akapandisha shati lake. Kiunoni alikuwa na kibunda cha kitambaa cha kijani kilichopauka, akakipigapiga kama mtu anavyombembeleza mtoto. "Huyu ni mama. Alikuwa mnene kukuzidi." Na chini ya kiganja chake kile kibunda kikajigeuza kidogo, kama mtu aliyeguswa usingizini, kikatulia.

Havijawa akawatazama wenzake tisa, mmoja baada ya mwingine, na mmoja baada ya mwingine wakaangalia kando. Vibunda tisa. Vitambaa tisa vya zamani ambavyo alivizoea kama mtu anavyozoea madoa ya ukuta.

"Machano. Na wewe?"

"Baba," Machano akasema, akiangalia mbao. "Hasemi sana siku hizi. Hata zamani hakuwa msemaji."

"Anaumwa?"

"Hapana. Akipata joto nampepea."

*

Basi ndivyo ilivyo, Havijawa akawaza. Unamleta mtoto, mtoto anachukua nafasi yako, na wewe unafungwa kiunoni mwake. Hufi. Wala huishi. Unakuwa kile kinachomfanya asipungue.

Na yeye je? Naye atazaa. Naye atashonwa. Kamba ni ile ile.

Nani aliyeanza? Huenda hakuna. Huenda hapakuwa na wa kwanza kuruka, bali wa pili tu, ambaye tayari alikuwa na mtu kiunoni.

*

Arafa alipanda ngazi mbio, vidaraja viwili kwa mara moja, uso wake unang'aa. Tangu utotoni alikuwa akiruka kutoka juu ya paa la jiko, kamba ya katani kiunoni, akiwaamuru kuku wapige hatua.

"Mama! Nyapara amekwambia? Nimepata jiwe! Mwajuma wa kwa fundi amelia kwa wivu, nakuapia, amelia machozi."

"Keti."

"Sitaki kuketi, nataka kuona ukingo. Shikamoo, Mzee Machano."

"Marahaba, mwanangu," akasema Machano, bila mzaha wowote.

Havijawa akamshika bintiye mkono, akauweka juu ya kibunda chake cha mchanga. Alizungumza polepole, akipanga maneno kama mtu anayepanga matofali, kwa sababu hakutaka hata moja lianguke.

"Wewe ukishika kamba, mimi nitakuwa hapa. Kiunoni mwako. Ndani ya kitambaa. Hapatakuwa na mtu nyumbani ukirudi. Nitakuwa nimekwenda nawe kazini, na nitakuwa nimerudi nawe, na sitakuwa nimefika popote."

Arafa akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mzee Machano, mama anatania, sivyo?"

Taratibu Machano akageuza kiuno ili yule msichana aone kibunda chake kikipanda na kushuka, kwa mwendo mdogo, wa mtu anayepumua.

"Basi sitaki," Arafa akanong'ona.

"Hapa hakuna kutaka wala kutotaka," Kitwana akasema kwa sauti yake ya chini. "Mizani imekwisha kuoshwa. Adhuhuri ikikanyaga tu, mtapimwa. Teremka ukangoje, binti. Jua ni kali huku juu."

Jukwaa likatikisika: mguu wa kulia ulikuwa umekanyaga. Saa tano. Arafa akashuka ngazi, safari hii kidaraja kimoja kimoja, Nyapara nyuma yake, akasimama kando ya gogo la mizani, kutoka juu akionekana mdogo kama kijiti. Havijawa aliangalia huku na huku akitafuta pa kumpeleka. Nyuma ya Mrefu kulikuwa na nyumba na majirani, na kila jirani alikuwa na mtu kwenye kamba. Wangemrejesha kwa upendo. Mbele ya Mrefu hakukuwa na chochote. Barabara ilikuwepo, ndiyo, na kuta, na kona iliyopinda kuelekea magharibi. Lakini hakuna aliyetembea huko. Hata wafagiaji walioitayarisha njia waliishia pale ukingo wa kivuli chake ulipoishia. Mbele yake, walisema watu, saa bado haijafika. Na mtu hawezi kuweka mguu mahali ambapo wakati haupo.

Warukaji wakasimama. Mikanda ikakazwa. Migongo kwa Mrefu. Havijawa akasikia ile mivukuto ikivuta pumzi, akasikia bibi wa kope wakikohoa kule juu, na lile swali lake la ujana likamjia sasa likiwa na mikono na miguu: kama adhuhuri ni anguko letu, basi nisipoanguka?

"Haya!" Nyapara akaita kutoka chini.

Tisa wakaruka.

Hakuwa ameamua. Baadaye, kama neno hilo lingekuwa na maana tena, asingeweza kusema ni kiungo gani kilichokataa. Alijikuta amesimama peke yake kwenye ubao mrefu, kamba yake imelegea miguuni kama nyoka aliyelala. Kapi zikalia, zikapunguza mwendo, zikanyamaza. Mguu wa Mrefu ulikuwa umepanda nusu ya njia ukasimama, na watu tisa walikuwa wameshuka nusu ya njia wakasimama. Uzito wao na uzito wa mguu vilikuwa vimetoshana. Walining'inia pale hewani, hawapandi wala hawashuki, wakizunguka polepole mwisho wa kamba zao.

Mivukuto ikabaki imejaa. Kope zikabaki nusu. Sokoni, moshi wa jiko la muuza maharage ulisimama wima kama uzi, usiende juu. Watu waliweza kusema na kugeuka, lakini chochote walichofanya hakikufika popote: mwanamke alimimina maji na ndoo haikujaa, mwingine aliita jina la mtu na mtu yule hakuwa bado amefika.

"Mama Arafa!" Machano akapaza sauti kutoka kwenye kamba. "Umesahau kitu huko juu?"

"Nimekaa kidogo."

"Kaa, kaa, dada yangu. Sisi tunapunga upepo." Akazunguka mpaka mgongo wake ukamwelekea, akangoja kamba imrudishe, akaongeza kwa sauti nyingine: "Baba anauliza kuna nini."

"Mwambie apumzike."

"Ruka," Nyapara akasema. Hakupaza sauti. Akaanza kupanda ngazi, nguo zake safi, uso wake mtulivu. Akakanyaga kidaraja cha tatu, na akakanyaga kidaraja cha tatu, na akakanyaga kidaraja cha tatu. Jasho lilimtoka. Miguu yake ilifanya kazi ya kupanda, na hakupanda. "Ruka, mama. Unawatesa watu bure. Mji mzima umekwama kwenye koo lako."

Ndipo Havijawa alipofanya jambo ambalo hakuna mrukaji aliyewahi kulifanya. Akageuka.

Kwa miaka kumi na sita alikuwa ameuhisi uso wa Mrefu mgongoni mwake, akaupa kila sura ambayo hofu inaweza kuchonga: sura ya mfalme, ya hakimu, ya marehemu mwenye kinyongo. Sasa aliutazama kati ya kamba na magogo, kwa kuwa Mrefu alikuwa ameinama na kugeuza kichwa kidogo. Hakuwa akiangalia mbele. Hakuwa akiuangalia mji. Macho yake makubwa ya mbao, kope nusu, yalikuwa yameelekezwa chini kwenye mguu wake mwenyewe uliosimama hewani, na kinywa chake kilikuwa wazi kidogo kwa bidii na mashaka. Havijawa aliijua sura ile. Aliwahi kuiona uani kwake, asubuhi moja, alipomshika Arafa mikono miwili na kumfundisha hatua ya kwanza. Mrefu alikuwa na uso wa mtoto anayetembezwa. Hakujua anakokwenda. Hakuwahi kujua. Alikuwa akingoja aachiwe, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwachia, au hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto huachiwa.

Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mkatili.

"Mama!" Arafa alikuwa amekuja chini ya jukwaa, yeye pekee miguu yake ikimfikisha, mikono kichwani. "Mama, shuka basi! Watu wananitazama!"

"Nikishuka ni adhuhuri."

"Utakaa hapo mpaka lini?"

"Hapa hakuna lini, mwanangu. Sikiliza. Pita chini ya mguu wake. Nenda mbele."

Arafa akatazama barabara tupu, ile isiyokanyagwa. "Mbele hakuna saa."

"Ndivyo wanavyosema."

"Na kama ni kweli? Nikianguka ndani ya kitu ambacho hakipo?"

"Uliruka kutoka paa la jiko nikiwa nakukataza. Leo nakuruhusu."

"Usinichekeshe, mama." Alikuwa akilia. "Nawe je? Nitakukuta?"

Havijawa hakuwahi kumdanganya mtu isipokuwa ile siku ya mizani, na matokeo yake alikuwa akiyaona yamesimama hapo chini yakimlilia. Hakutaka kurudia.

"Sijui," akasema. "Nenda."

"Binti," Nyapara akasema kutoka kidaraja cha tatu, akihema, "mbele ya Mrefu hakuna aliyewahi kurudi."

"Nyapara naye," Machano akadakia kutoka hewani, "hakuna aliyewahi kwenda. Atarudije?"

Arafa akajifuta uso kwa pindo la khanga. Akapita chini ya wayo wa Mrefu uliotanda juu yake kama dari ya nyumba, akafika pale ambapo kivuli kiliishia, akasimama. Alinyanyua mguu wake mwenyewe, bila kamba, bila mtu kuanguka mahali popote, akauweka mbele.

Hakuna kilichotokea. Akaweka wa pili.

Kisha Havijawa akaona. Vivuli vyote vya mji vilikuwa vimejikunja miguuni mwa wenyewe, vifupi, vya kabla ya adhuhuri. Kivuli cha Arafa peke yake kilikuwa kimeanza kurefuka. Alitembea kuelekea magharibi, na kivuli kikanyooka nyuma yake, mashariki, kikiirudia njia aliyoipita, kwanza kama upana wa mkeka, kisha kama urefu wa ngazi, kikapita chini ya mguu uliosimama, kikafika kwenye nguzo za jukwaa na kuanza kuzipanda. Na kila alipopiga hatua, mwendo wake ulibadilika. Ile haraka ya kisichana ikamtoka begani. Nyonga zikapanuka. Katikati ya barabara akasimama, akaifungua khanga na kuifunga upya kwa namna ya mwanamke aliyekwisha kufunga khanga mara elfu kumi. Akaendelea. Alipoikaribia kona, nywele zilizotokeza chini ya kilemba zilikuwa na rangi ya majivu.

Pale konani akageuka. Walitazamana, yeye kule na Havijawa huku juu, wanawake wawili wa umri mmoja, kama majirani wanaoonana kila mmoja akiwa mlangoni kwake. Arafa akainua mkono. Kisha, taratibu, akageuka upande ili mama yake aone: mgongoni, ndani ya mbeleko, kulikuwa na kichwa kidogo kimelala, na mkono mmoja mdogo umening'inia nje, mzito kwa usingizi, uzito ambao hakuna jiwe lililowahi kuchongwa kwa ajili yake.

Akakata kona. Kivuli kikabaki barabarani kitambo kidogo, kirefu, chekundu pembeni, kisha nacho kikamfuata.

Kamba ziligeuka. Watu tisa wakazunguka polepole, na vibunda vyao vikapumua.

"Mama Arafa," hatimaye Machano akaita, kwa sauti ndogo, kama asiyetaka baba yake asikie. "Amefika?"

"Amepita kona."

"Huko ni saa ngapi?"

Havijawa aliitazama ile barabara, pale kivuli kilipokuwa. Ubao chini yake ulikuwa mwembamba.

"Jioni," akasema. "Huko ni jioni."

Akakaa chini, akashika ukingo wa jukwaa kwa mikono miwili, asije akaanguka.